Chupa Thelathini na Saba za Chula

Jumatatu, 6 Aprili 1992. Kambi ya wakimbizi, Mombasa

Mimi, Shihab bin Abdulqadir, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, pwani ya Somalia, nimeficha mambo mawili maishani. La kwanza nimeificha dunia, na nitaliandika leo kabla mkono haujaanza kutafuta visingizio. La pili nimemficha binti yangu. Hilo sijui kama nitaliweza, lakini daftari lina kurasa themanini, na moyo wangu, kwa alivyosema daktari wa kambi, hauna miezi mingi.

La kwanza ni hili. Mwaka 1969 nilitoka Mogadishu nikaenda Chula na sanduku la vichupa, taa ya spiriti na dawa ya buluu ya kupimia sukari. Dawa hiyo ukiichemsha pamoja na mkojo wa mtu mwenye afya, hubaki buluu. Mkojo ukiwa na sukari, hugeuka kijani, kisha manjano, na sukari ikizidi huwa nyekundu kama tofali. Nilipima wanawake thelathini na saba. Vichupa vyote vikabaki buluu. Nikaandika makala kwa Kitaliano kwamba wanawake wa Chula hawaugui kisukari, na kwamba miili yao inatumia sukari kwa namna ambayo sayansi haijaijua. Makala hiyo ndiyo iliyonipa uprofesa, safari za Roma na Kairo, na nyumba yenye roshani.

Mkojo ule wote ulikuwa wa mwanamke mmoja. Nilijua asubuhi ile ile.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Ibtisam, binti yangu, amefunga turubai upya. Sikuandika zaidi.

Alhamisi, 9 Aprili

Hema la jirani ni la Bi Mwanalima na binti yake Zakiya. Vita vilipotukimbiza Mogadishu na Kismayo mimi na Ibtisam tulirudi Chula, na huko tukatoka nao katika mashua moja. Mwanalima ni rika langu, tuliokota kaa pamoja tukiwa wadogo. Kila asubuhi hunipigia kelele kutoka kwake: “Dakitari wa Mikojo! Umeamka au tukuletee sanda?”

Leo kwenye foleni ya maji aliwasimulia wanawake wa kambi kisa chetu kama mtu anayesimulia harusi. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo yangu, hatua tano tu kutoka kwao.

“Huyu hapa,” alisema, “alikuja na elimu ya Ulaya na vichupa. Kila kichupa kimebandikwa jina la mwanamke. Mkojo uletwe asubuhi kabla ya kula, upangwe juu ya ubao. Na ubao wenyewe kauweka wapi? Barazani kwa babake, njia ya msikitini!”

“Muongo wewe,” mmoja akasema.

“Wallahi. Wanaume watoke sala ya alfajiri, wapite, wasome. Huu wa mke wa fulani, huu wa mama wa fulani, huu una povu. Mchu gani, mtu gani na haya zake, atakubali? Shemeji yako aujue mkojo wako! Na kumkatalia hatuwezi, ni mwana wetu, katoka mbali, kasoma. Basi wakaja kwangu. Mimi mjane, sina mume wa kuaibika, sina shemeji. Nikawaambia leteni vichupa vyenu. Nikanywa maji ya kisima tangu magharibi mpaka tumbo likawa pipa. Asubuhi nikajaza vyote thelathini na saba, na kingeletwa kingine ningekijaza! Hata cha mamake mwenyewe, Bi Kuluthumu, Mungu amrehemu, nilikijaza mimi.”

Foleni nzima ikacheka. Mmoja alilazimika kutua mtungi.

“Kwani kilichoharibika nini?” Mwanalima akamaliza. “Yeye kapata kazi yake, sisi tumesitirika.”

Nilicheka nao. Ndivyo ninavyofanya kila anapokisimulia.

Nilijuaje? Nilikuwa na kipimo cha uzito wa mkojo, kijiti cha kioo kinachoelea. Mikojo ya watu wawili hailingani uzito, kama vile sauti zao zisivyolingana. Kichupa cha kwanza kilikuwa chepesi, karibu maji matupu. Cha pili vivyo hivyo, tarakimu ile ile. Nilipofika cha kumi niliweka kalamu chini. Kisha nikaiokota nikajaza safu ile kwa tarakimu za kubuni, nikizitofautisha kidogo kidogo ili ziaminike.

Kosa la ubao lilikuwa langu. Mgeni angesamehewa. Mimi nililelewa katika nyumba zile, nikijua mwanamke wa Chula hata nguo ya kuogea haianiki upande wa njia. Miaka saba ya Italia ilitosha kunisahaulisha.

Jumanne, 14 Aprili

Daktari Zakir, kijana wa Mombasa anayesimamia zahanati ya kambi, alikuja hemani na kitabu kwapani na matope mpaka magotini.

“Profesa, kumbe ni wewe! Nimekupima moyo bila kujua. Nilikusoma chuoni. Ukurasa mia mbili na kumi. Wanawake wa Chula.”

“Ni zamani,” nikasema.

“Usiseme hivyo. Nina shida, nisaidie. Nina kisanduku kimoja cha vijiti vya kupimia sukari ya damu. Vijiti hamsini, kwa miezi mitatu, kwa kambi nzima. Nianze na nani?”

Jibu sahihi analijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: anza na wenye kiu, wanaokojoa sana na wanaokonda. Lakini alikuwa amekifungua kitabu kwenye ukurasa wenye jina langu, na Ibtisam alikuwa amesimama nyuma yake, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Kismayo.

“Anza na watu wa mjini,” nikamwambia. “Wanene, wafanyabiashara. Sisi Wabajuni wa visiwani unaweza kutuacha.”

“Kwa ile makala?”

“Kwa ile makala.”

Akaandika. Aliporudi zahanati alibandika ukutani orodha ya nani apimwe. Ibtisam ameiona. Anasema jina langu lipo chini yake, kwa wino mwekundu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Kikohozi. Wali bila kitu.

Jumanne, 21 Aprili

Barua imefika kutoka chuo kimoja cha kaskazini mwa Italia. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mkubwa huko, amewashawishi wanialike kama mtafiti mgeni, “kwa mchango wake juu ya wanawake wa Chula.” Nitapewa kibali, pamoja na binti yangu na wanawe wawili.

Ibtisam aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kifuani. Mumewe alirudi Kismayo mwaka jana kuchukua vitu vyao na hajaonekana mpaka leo. Hakulia siku ile. Leo amelia.

“Baba, watoto watasoma,” alisema.

Mimi sitafika Italia. Hilo analijua Daktari Zakir na ninalijua mimi. Lakini nikifika uwanja wa ndege nikiwa hai, wao watafika.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua imeingia hemani, tumelundika vitu juu ya kitanda. Sanduku langu la bati liko juu kabisa. Mwanalima alichungulia akasema, “Hilo sanduku lina mahari yako nini? Kila siku linalala pakavu kuliko wewe.”

Wanamgambo walikuja Chula mara nne. Mara ya kwanza walichukua injini za mashua, mara ya pili nyavu, mara ya tatu mabati ya paa. Mara ya nne hapakuwa na cha kuchukua, wakachukua watu. Tulioweza tuliondoka. Karibu na mpaka wa Kenya mashua ikaanza kuingiza maji na nahodha akasema vitu vitupwe. Ibtisam alitupa masufuria. Zakiya alikuwa na cherehani. Aliwalea wanawe kwa cherehani ile, akishona kanzu na mapazia ya nyumba za harusi. Nahodha alitutazama sisi wawili, mimi na sanduku langu, Zakiya na cherehani yake.

“Ami Shihab ana vitabu vyake,” Zakiya akasema. “Elimu haitupwi.” Akaiinua cherehani mwenyewe akaiachia.

Ndani ya sanduku mna daftari la Chula la mwaka 1969, lenye ile safu niliyoibuni. Sikulibeba kulihifadhi. Niliogopa mtu asije akalikuta. Baharini palikuwa mahali pazuri pa kulitupa kuliko pote duniani, lakini ningelitupa mbele ya watu, nao wangeuliza kwa nini.

Jumapili, 3 Mei

Zakiya amepita mara tatu leo kuomba maji.

“Ami, hii joto ya kambi imenikausha,” alisema, akanywa jagi zima akiwa amesimama. Mifupa ya bega imetokeza. Aliondoka Chula akiwa mwanamke mnene anayecheka. Ana miaka arobaini na miwili.

“Umekwenda zahanati?”

“Mara mbili. Wamenipa dawa ya malaria.”

“Nenda tena.”

Nilisema nenda tena. Sikusema nenda uwaambie wakupime sukari. Maneno mawili tu yaliyobaki, nikayameza.

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna mvua. Fomu za safari zimeletwa, Ibtisam amezijaza kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi nilikwenda kuoga kwenye uzio wa magunia tunaoshiriki na kina Mwanalima. Kwenye pembe anayotumia Zakiya kulikuwa na sisimizi. Mstari mrefu, mweusi, unatoka chini ya gunia unaingia kwenye mchanga ulioloana, unakunywa, unarudi.

Zamani, kabla ya dawa za buluu na vijiti, waganga walipima hivyo. Mkojo unaoita sisimizi una sukari. Nililifundisha jambo hilo mwaka baada ya mwaka.

Niliwahi kuona mstari kama huu mahali pengine. Sitaandika leo.

Jumanne, 12 Mei

Tumemzika Badi, mshona nyavu wa kisiwa cha Kudha. Homa, wamesema. Mkewe aliniambia makaburini kwamba siku za mwisho alikuwa akinywa maji ya kila mtu. Nikamwambia Mungu amrehemu.

Jumatatu, 18 Mei

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Jana baada ya adhuhuri Mwanalima aliita, si kwa kelele zake za siku zote. “Shihabu. Njoo umwone mwanangu.”

Zakiya alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, anapumua kwa nguvu na kina kama mtu aliyekimbia. Niliinama. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Harufu hiyo niliwafundisha wanafunzi miaka mingi: mwili umeshindwa kutumia sukari, unachoma mafuta yake wenyewe, na sumu yake inatoka kwa pumzi. Mtu akifikia hapo hahesabiwi kwa siku, anahesabiwa kwa saa.

“Asubuhi tulikwenda zahanati,” Mwanalima alisema. “Wamempa tena zile tembe. Nikamwambia nesi, huyu mpimeni kila kitu. Akaniambia, mama, nyinyi wa visiwani sukari hamna, orodha iko ukutani.” Akaniangalia. “Nikamwambia najua, iliandikwa na mchu wetu.”

Sijui nilifikaje zahanati. Ni mwendo ambao siufanyi tena, na kulikuwa na matope mpaka kwenye vifundo. Nilianguka mara moja, nadhani, kwa sababu kanzu ilikuwa nyeusi upande mmoja. Daktari Zakir alikuwa anafunga kabati.

“Zakiya binti Mwanalima,” nikasema. “Mpime sukari.”

“Profesa, kaa kwanza. Midomo yako imekuwa ya buluu.”

“Mpime.”

“Nimebakiwa na vijiti sita. Na wewe mwenyewe ulisema wa visiwani...”

“Niliyosema si kweli.”

Alidhani nimechanganyikiwa. Niliona usoni mwake ule upole tunaowafanyia wazee. Nikamshika mkono. “Harufu yake ni ya matunda yaliyovunda. Nenda ukanuse. Ukinusa, hutaniuliza tena.”

Alikwenda akikimbia. Kijiti kiligeuka rangi ya mwisho kwenye karatasi ya kulinganishia, na hapana rangi baada ya hiyo. Wakamfunga chupa ya maji mkononi, wakampandisha gari la zahanati kwenda hospitali ya mjini. Mwanalima alipanda naye. Gari lilipoanza kuondoka alitoa kichwa nje.

“Mungu akulipe, Shihabu!” alipiga kelele. “Umemwokoa mwanangu!”

Watu walikuwa wananipa mikono. Nimepeana mikono nao.

Jumatano, 20 Mei

Zakiya hai. Hajaamka sawasawa. Mvua kubwa.

Jumapili, 24 Mei

Zakiya ameamka. Sukari inashuka kwa insulini. Jicho la kushoto halioni kitu, la kulia anaona mwanga na vivuli. Lilianza kumfifia tangu Februari, kumbe, akidhani ni moshi wa kuni.

Nimemwambia Daktari Zakir yote leo. Ubao, Mwanalima, kipimo cha uzito, tarakimu nilizobuni. Nilimpa daftari la 1969. Alilipitia polepole, na alipofika kwenye safu ile aliweka kidole chake juu yake.

“Baada ya hii ulipima visiwa vingine?” aliuliza. “Koyama? Kudha?”

“Hapana. Nilisema bahari imechafuka.”

“Kwa miaka ishirini na mitatu?”

“Nilifuga panya. Niliwalisha mafuta ya papa, nikitafuta ni nini kwenye samaki kinachozuia sukari. Miaka kumi na minane nilitafuta sababu ya jambo ambalo halikuwepo.”

“Ukapata nini?”

“Panya walinenepa.”

Hakucheka. Aliinuka, akabandua orodha ukutani, akaikunja mara nne. “Tangu Aprili nimewarudisha Wabajuni kumi na wanane wenye kiu, mbali na Zakiya,” alisema. “Ninayo majina yao. Mmoja ni yule mzee mshona nyavu.” Hakuniita Profesa aliponifungulia mlango. Aliniita mzee.

Jumamosi, 30 Mei

Vijiti vipya vimekuja kutoka mjini. Kati ya wale kumi na saba waliobaki, sita wana kisukari. Wanne ni wanawake wa Chula.

Jumatatu, 1 Juni

Mwanalima amerudi kutoka hospitali na Zakiya, amemshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea. Nilingoja Zakiya alale, nikaenda, nikakaa kwenye mkeka.

“Ile siku ya vichupa,” nilianza.

“Kile kisa chako? Leo sina nguvu ya kukisimulia.”

“Niliandika kitabuni kwamba nyote hamna sukari. Nesi aliyemrudisha Zakiya alikuwa anafuata maandishi yangu.”

Aligeuka akanitazama. “Shihabu, unaniambia mkojo wangu ndio uliompofua mwanangu?”

“Si mkojo wako. Ni kalamu yangu. Wewe ulikuwa unawasitiri wenzako.”

“Wewe ulijua ni wangu?”

“Asubuhi ile ile.”

Aliutazama mkono wa Zakiya, uliokuwa juu ya shuka, unapapasa kitu ambacho hakikuwepo. “Nami miaka yote nasimulia nikidhani tulikudanganya,” alisema. “Nikikuonea huruma. Nikisema maskini Shihabu, kasoma kote kule na hajui.” Kisha akasema, bila hasira, na ningependa ingekuwa kwa hasira: “Kwa nini hukurudi tu ukatuambia? Tungekucheka siku mbili. Siku ya tatu ungeuweka ubao ndani, na kila mchu angeleta wake.”

Shida nzima ingemalizwa na ubao kuhamishwa kutoka barazani kuingia ukumbini.

Jumanne, 2 Juni

Asubuhi bila kelele. Hakuniita.

Jumatano, 3 Juni

Hakuniita.

Alhamisi, 4 Juni

Nimeandika barua kwa chuo cha Italia kueleza kwamba makala ni ya uongo na kwamba wasinipokee kwa ajili yake. Nilimpa Ibtisam aisome kabla ya kuifunga. Alikuwa anachagua mchele. Aliisoma akiwa amechuchumaa, sinia mapajani.

“Ukiituma hii, hatuendi,” alisema.

“Hamwendi.”

“Watoto hawaendi.”

“Ndiyo.”

Alichagua mchele tena. Niliona anatupa punje nzima pamoja na changarawe. “Badi alikufa kwa hii?”

“Ndiyo.”

“Itume,” alisema. “Sitaki kuishi katika nyumba iliyojengwa hapo. Nimeshaishi katika moja, ile yenye roshani, na sikujua.”

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kuilamba bahasha.

“Baba. Bibi naye alikuwa akinywa sana.”

Niliendelea kuilamba bahasha.

“Ule mwaka uliponipeleka Chula nikae naye. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa namjazia mtungi mara tatu kwa siku. Na chooni kwake kulikuwa na sisimizi, nikiwamwagia majivu, wanarudi.” Aliweka sinia chini. “Bibi alikufa na nini?”

“Homa,” nikasema.

Alinitazama kama Daktari Zakir alivyoitazama ile safu ya tarakimu.

“Homa,” akarudia, akaenda kuosha mchele.

Jumamosi, 6 Juni

Barua imeondoka. Daktari Zakir ameandika yake, anawaeleza madaktari wa kambi nyingine. Ameomba ruhusa kutaja jina langu. Nimempa.

Miguu imevimba mpaka magotini. Siwezi kulala chali.

Jumanne, 9 Juni

Zakiya aliongozwa mpaka hapa na mamake, akakaa karibu na kitanda. Nilimwomba radhi. Alisema, “Ami, mimi cherehani niliitupa mwenyewe,” na sikuelewa kama ananisamehe au ananikumbusha. Mwanalima alisimama mlangoni, hakuingia. Wakati wa kuondoka alisema, akiangalia pembeni, “Umekula?” Ni neno la kwanza kwa siku nane.

Jumatano, 10 Juni. Siku ya Arafa

Ibtisam amefunga. Mimi sina nguvu. Nimemwomba anipe daftari na aniache peke yangu, na nimemwambia nikimaliza alisome lote. Ameniuliza mpaka ukurasa wa mwisho? Nimesema hasa wa mwisho.

La pili ni hili.

Mwaka 1972 nilikwenda Chula kumwangalia mama, Kuluthumu binti Hussein. Alikuwa amebaki mifupa. Macho yake yalikuwa yameshaingia giza, alinijua kwa sauti. Nilipita nyuma ya nyumba nikauona mstari wa sisimizi, na majivu ya Ibtisam juu yake.

Mama alinikalisha pembeni yake. Alisubiri mjukuu atoke. “Mwanangu,” alisema, “ile dawa yako ya buluu unayo?”

“Ninayo, mama.”

“Nipime basi. Ile mara ya kwanza haukuwa wangu. Niliona haya kwa watu. Unisamehe, nilikuharibia kazi.”

Aliniomba msamaha. Mimi niliyejua kwa miaka mitatu nililipokea ombi hilo kana kwamba ni haki yangu.

Nilipima jikoni, juu ya taa ya spiriti. Dawa haikupita kwenye kijani. Haikusimama kwenye manjano. Iligeuka nyekundu kama tofali papo hapo, nyekundu kuliko yoyote niliyowahi kuiona katika maabara. Insulini ilikuwepo Mogadishu, kwenye jokofu langu. Ningeifikisha Chula kwa siku tatu. Lakini ingebidi niandike ni ya nani, na jina hilo lilikuwa la kumi na nne katika orodha ya wanawake wasiougua, na mwezi uliofuata nilikuwa nasubiriwa Roma.

Alikufa siku arobaini baadaye. Kwenye cheti niliandika homa, kwa mkono huu.

Lakini siku ile ya kupima nilirudi chumbani nikiwa bado nimeshika kichupa, kwa sababu nilitaka asikie nyayo zangu zikija na kazi iliyokamilika. Alinyoosha mkono akakigusa, akahisi joto lake. Hakuweza kukiona.

“Rangi gani?” aliuliza.

“Buluu, mama,” nikamwambia.